Koko akianza kutembea na kibano: mwongozo wa vikope kwa tulio mjini

Ukiona koko, yaani bibi yako wa Longido, ana kibano cha chuma kimening'inia kwenye shanga za shingoni, usidhani ni pambo. Ni cha kung'olea kope. Kope zake zimeanza kupinda kuelekea ndani, zinamkwaruza jicho kila anapopepesa, naye ameamua kupambana nazo mwenyewe, mmoja mmoja, juani asubuhi, mjukuu akimshikia kioo. Huo ndio ugonjwa wa vikope. Hospitalini tunauita trakoma, na hakuna ugonjwa mwingine wa kuambukiza duniani unaopofusha watu wengi kuushinda.

Mimi ni muuguzi wa macho. Nimezaliwa Monduli, naishi Ngaramtoni, na kazi yangu nusu ni kliniki, nusu ni kurushwarushwa ndani ya Land Cruiser kwenda vijijini. Naandika kwa ajili ya watu wa aina yangu: tumepata kazi Arusha au Moshi, watoto wetu wanasoma huku, lakini mama na bibi wako bomani. Sisi ndio wenye simu, nauli na kauli ya kumtoa mtu nyumbani hadi hospitali. Na sisi ndio tunaopeleka watoto kwa bibi likizo ya Desemba.

Madaktari wa macho niliofanya nao kazi hubishana karibu juu ya kila kitu, lakini kwa hili hawabishani: vikope havistahili kumpofusha mtu tena. Ghana walithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 kuwa wameutokomeza kama tatizo la afya ya jamii, Malawi mwaka 2022. Dawa ipo, upasuaji upo, na si wa gharama ya kutisha. Kinachokwama ni safari ya kutoka bomani hadi kwenye kitanda cha upasuaji, na hapo ndipo mtoto wa mjini ana kazi.

Kinachotokea ndani ya jicho

Kisababishi ni bakteria, Chlamydia trachomatis. Ana ndugu zake wanaoleta ugonjwa wa zinaa, ila aina zinazoleta vikope ni nyingine kabisa. Nalisema mapema kwa sababu hakosekani kijana anayelitafuta jina hilo mtandaoni halafu akaanza kumtazama bibi yake kwa jicho la pembeni.

Anahama kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa nguo ya kufutia uso, na kwa nzi. Wenye bakteria wengi ni watoto wadogo, hasa wale ambao hawajaanza shule. Mtoto anaambukizwa, anapata nafuu, anaambukizwa tena na mdogo wake, mwaka nenda mwaka rudi. Maambukizi hayo ya kujirudia yanaacha makovu upande wa ndani wa kifuniko cha juu cha jicho. Makovu yanajikusanya, yanakakamaa, yanavuta ukingo wa kifuniko kwenda ndani. Mtu akishafika utu uzima, wengine mapema, wengine uzeeni, kope zinaanza kugusa kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele. Kioo kinachubuka, kinapata vidonda, na mwisho kinabaki na ukungu mweupe usiofutika, kama kioo cha gari la Noah lililotoka Namanga kiangazi.

Ukungu huo ukishaingia, kurekebisha kope hakuuondoi. Upasuaji wa vikope unaokoa uoni uliobaki, haurudishi uliopotea. Ukikumbuka hilo moja tu katika haya yote, utaelewa kwa nini nakuharakisha.

Na kwa nini ni koko zaidi kuliko babu? Kwa sababu maisha yake yote ameyapitisha na watoto wadogo mgongoni na mapajani. Amewalea wadogo zake, amelea wa kwake, sasa analea wajukuu. Kila kizazi kimempaka bakteria upya. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na ugonjwa huu hadi mara nne zaidi ya wanaume.

Kumwangalia mtoto

Anza na uso, jicho baadaye. Asubuhi, kabla hajaoshwa, tazama vitu vitatu: matongotongo kwenye pembe za macho, kamasi zilizokauka chini ya pua, na nzi waliotua wakakaa. Nzi anayepita tu hana maana sana. Nzi aliyekaa kwenye ukingo wa jicho anakunywa, na mtoto aliyezoea hata hamfukuzi, huyo ndiye wa kukuhangaisha. Kwetu kuna wazee wanaosema nzi wengi usoni mwa mtoto ni dalili ya boma lenye ng'ombe. Sibishani nao juu ya ng'ombe. Nawaomba tu uso wa mtoto uwe msafi ili ng'ombe wahesabiwe zizini.

Zaidi ya hapo nyumbani huwezi kujua kwa hakika. Mtoto mwenye vikope vya mwanzo mara nyingi halalamiki, jicho lina wekundu kidogo au halina kabisa. Mpimaji humwambia atazame chini, anashika kope za juu kwa vidole viwili, anageuza kifuniko nje, kisha anatazama kwa lenzi ya kukuzia. Anatafuta vipunje vyeupe: vikiwa vitano au zaidi katikati ya ngozi ile ya ndani, kila kimoja kikiwa na angalau nusu milimita, mtoto anaandikwa ana trakoma hai. Inachukua sekunde chache na haiumi, ingawa mtoto atalia kama anachinjwa. Usijaribu mwenyewe nyumbani na vidole vilivyotoka kukamua.

Usichanganye na mzio. Huku kwetu kuna watoto wengi ambao macho yanawasha msimu hadi msimu, wanayafikicha mpaka weupe wa jicho unakuwa wa kahawia. Huo unahitaji tiba yake. Wala usichanganye na macho mekundu ya mlipuko, kama yale ya Dar es Salaam na mikoa mingine Januari 2024. Yale ni ya virusi, huja ghafla, huuma, kisha huondoka.

Kumwangalia koko

Hapa nenda taratibu, na uende kwa heshima. Mwamkie kwanza, "Takwenya, koko", naye akuitikie "Iko". Ongea habari za mifugo na mvua. Ukimvamia na tochi ya simu machoni kabla hujakaa, umeshampoteza.

Halafu usimuulize kama jicho linauma. Wanawake wa kwetu wamefundishwa tangu utotoni kwamba maumivu hayasemwi.

"Koko, jicho linakuuma?"

"Haliumi."

"Halikusumbui kabisa?"

"Linachoma tu. Na machozi. Na jua silitaki. Ila haliumi."

Kwa hiyo uliza kuhusu mchanga: je, anahisi kama kuna mchanga ndani? Machozi yanatoka bila kulia? Anavuta shuka kufunika uso akitoka nje? Nani humng'oa kope, na mara ya mwisho ilikuwa lini?

Sasa mketishe mlangoni, mwanga ukimjia kwa mbele lakini jua lisimchome. Mwambie atazame mbele, wewe tazama kutoka ubavuni kama kuna ukope unaogusa jicho. Kisha mwambie atazame juu, uchungulie kutoka chini. Kope za vikope hazifanani na zile ulizozoea. Nyingine ni fupi na nyembamba mno, nyeupe, unaziona tu zinapong'aa zikiwa na unyevu. Kama amezing'oa juzi hutaona kitu ila mapengo, au vishina vilivyokatika. Vishina ndivyo vibaya zaidi, maana ni vigumu na vina ncha. Kwa hiyo hata usipoona ukope hata mmoja unaogusa, kibano peke yake kinatosha kumpeleka kupimwa. Hospitalini hesabu yetu ni hiyo hiyo: ukope mmoja unaogusa jicho, au ushahidi kwamba mtu anang'oa, basi ana vikope.

Mwisho tazama sehemu nyeusi ya jicho. Kama kuna doa jeupe, au jicho limekuwa jekundu na hawezi kabisa kulifungua kwenye mwanga, usisubiri ratiba ya kambi ya upasuaji wala mshahara. Hicho kinaweza kuwa kidonda kwenye kioo, na ni safari ya siku hiyo hiyo.

Kibano: madaktari wanasemaje

Hapa maoni yamebadilika, na nimeyaona yakibadilika. Zamani tulikuwa tunakinyang'anya. Daktari akikuta kibano anakitupa kwenye ndoo na kumhubiria mama wa watu. Kisha mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa Ethiopia kwa watu wenye kope chache zinazogusa, chini ya sita. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji, lingine likapewa vibano vizuri na kufundishwa kung'oa, pamoja na jamaa wa kuwang'olea. Baada ya miaka miwili, kope zilizopinda zilirudi zaidi kwa wale wa kibano, lakini uoni wao haukuwa umeharibika kuliko wa wenzao.

Madaktari wengi leo wanasema hivi: upasuaji ndio tiba. Lakini mwenye kope mbili tatu aliyekataa kabisa kisu asiachwe hivi hivi. Apewe kibano kizuri chenye ncha zinazokutana sawasawa, afundishwe kuvuta ukope kutoka kwenye shina bila kuukata, na aonwe mara kwa mara. Mimi nakubaliana nao, kwa sharti moja: kibano cha mnadani kilichopinda ncha hakimo kwenye huo mjadala. Hicho kinakata, haking'oi. Na mwenye kope sita au zaidi, au ambaye kioo kimeshaanza ukungu, kwake kibano ni kupoteza muda.

Kuna vitu ambavyo sijawahi kumsikia daktari yeyote akivitetea: wembe, utomvu wa miti, maziwa ya mama, mkojo, sukari, na yale matone ya dukani yaliyobaki kutoka kwa jirani. Ya mwisho yananiudhi kuliko yote kwa sababu yana sura ya hospitali. Mengine yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Wekundu unaisha siku mbili, kila mtu anafurahi, huku kidonda kinachimba chini kwa chini.

Kumfikisha kwenye upasuaji

Wengi wanadhani mzee anakataa kwa sababu ya woga wa kisu. Woga upo, lakini mara nyingi si wa kwanza. Nimesikia mara nyingi swali hili: "Nikienda hospitali, ndama watanyweshwa na nani?" Ni swali la haki. Ukishalijibu kwa jina la mtu, siyo kwa "tutaona", nusu ya kazi imekwisha.

Kwa hiyo panga hivi. Kwanza zungumza na mwenye kauli bomani. Pengine ni kaka yako mkubwa, pengine ni mzee mwenyewe. Mwambie gharama halisi ni nini, usimwache awaze kuuza dume. Kampeni za upasuaji wa vikope zinazoendeshwa na mpango wa taifa kwa kawaida hazimtozi mgonjwa. Mpigie mhudumu wa afya wa kijiji au nesi wa zahanati, omba akuunganishe na mratibu wa huduma za macho wa wilaya, umuulize kambi inayofuata itakuwa wapi na lini. Jina la cheo hicho lishike, kwa sababu mapokezi ukisema "nataka daktari wa macho" utazungushwa mpaka jioni. Kama kambi iko mbali au jicho haliwezi kusubiri, mlete mjini: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru hapa Arusha, au KCMC Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambako wataalamu wengi wa macho wa nchi hii wamesomea.

Pili, tafuta mwanamke wa rika lake aliyekwisha kufanyiwa. Mkutanishe naye, wewe toka nje. Maneno yangu yote ya kitaalamu hayajawahi kushinda mama mmoja aliyekaa kwenye kigoda akasema, "Sindano inauma, ndiyo. Baada ya hapo nilisikia wanavuta tu. Sasa natunga shanga."

Na kweli ndivyo ilivyo. Anachomwa sindano ya ganzi kwenye kifuniko cha jicho, na hiyo ndiyo sehemu chungu. Anabaki macho, anaongea. Mpasuaji, ambaye mara nyingi ni muuguzi au tabibu aliyesomea upasuaji huo, hukata kifuniko milimita chache juu ya ukingo wake, anauzungusha ukingo uelekee nje, anashona. Kwa kawaida jicho moja halimalizi nusu saa. Mboni haiguswi. Rudia hilo la mboni mara tatu, kwa sababu bomani kuna hadithi kwamba jicho linatolewa, linaoshwa na kurudishwa. Sijui nani alianzisha, ila imefika hadi Gelai.

Anatoka na bandeji, inatolewa kesho yake, anapewa mafuta ya antibiotiki. Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe, nyingine hutolewa baada ya wiki moja hadi mbili. Uliza ni zipi kabla hamjaondoka, maana nimekutana na mama mwenye nyuzi za miezi, hakuna aliyemwambia arudi. Kwa siku hizo akae kwako mjini kama anakubali. Kama hakubali, basi angalau asilale karibu na jiko, asichunge upande wa vumbi, na asifikiche.

Halafu hesabu mwezi wa tatu hadi wa sita, mpeleke akaangaliwe tena. Hili watu hawapendi kulisikia: kwa baadhi, kope hupinda tena. Makovu yale ni ya miaka mingi, hayasahau. Akirudia, anafanyiwa tena. Usimwache arudi kwenye kibano kimya kimya kwa kuona aibu kwamba ametumia nauli yako bure.

Dawa za kumeza

Ukisikia kijijini wanagawa dawa za vikope, ni azithromaisini. Kampuni ya Pfizer inaitoa kwa msaada kwa nchi zenye ugonjwa, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kabisa kuipata. Mtu mzima anameza gramu moja kwa mkupuo, yaani vidonge vinne vya miligramu 250. Watoto wanapimwa kwa kijiti chenye alama, dozi inasomwa kwenye urefu, wadogo wanapewa ya maji. Wa chini ya miezi sita hawapewi hiyo. Wanapakwa mafuta ya tetrasaikilini machoni, mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Mafuta hayo yanachoma na kufanya mtu aone ukungu, na kuyamaliza ni kazi. Simamia mpaka mwisho. Tumbo kuvurugika kidogo au kichefuchefu baada ya kumeza si ajabu. Mtoto anayelia asibanwe pua wala kushikiliwa ili ameze, anaweza kupaliwa. Msubiri atulie.

Kumeza ni kwa boma zima, mgonjwa na asiye mgonjwa. Mfano mzuri uko hapa hapa jirani, Kilimanjaro. Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Anthony Solomon waligawa dawa hii Kahe Mpya, wilayani Rombo: watu 956 kati ya 978 walitibiwa, kwa kumeza au, kwa wale wasioruhusiwa kumeza, kwa mafuta ya tetrasaikilini. Kabla ya dawa, asilimia 9.5 ya wakazi walikuwa na bakteria machoni. Baada ya miezi miwili ikawa asilimia 2.1, baada ya miaka miwili asilimia 0.1. Waliobaki na macho yenye dalili walipewa pia mafuta ya tetrasaikilini katikati ya kipindi hicho.

Tazama tena hizo namba mbili za kwanza. Karibu kila mtu alitibiwa. Sasa linganisha na wilaya zetu za wafugaji, ambako dawa imegawiwa kwa miaka mingi na ugonjwa umeng'ang'ania. Siku ya ugawaji vijana wako ronjo, kambi ya malisho ya mbali, na ng'ombe, mama mwingine kaenda kwao, watoto wawili wamefichwa kwa sababu mtu kasema dawa inafunga uzazi. Wiki mbili baadaye wote wanarudi kulala chini ya shuka moja. Basi ukipata tarehe ya ugawaji, kazi yako wewe wa mjini ni simu: mpigie aliye ronjo arudi siku hiyo, au muulize mratibu kama timu inaweza kufika huko. Simu hizo zina thamani kuliko unga unaotuma.

Serikali huacha kugawa pale vipimo vinapoonyesha trakoma hai imeshuka chini ya asilimia 5 kwa watoto wa mwaka mmoja hadi tisa. Kwa watu wazima kipimo ni kope zilizopinda: zisifike kwa watu wawili kati ya kila 1,000.

Uso, kwa maji ya kikombe

"Maji hakuna" ni jibu utakalolipata, na kiangazi ni kweli: punda wanatoka alfajiri kwenda lamboni na kurudi mchana. Lakini uso wa mtoto hauhitaji ndoo. Chukua kikombe cha chai, mbele ya mama zake, mmiminie mtoto maji kiganjani, safisha pembe za macho, kisha pua, kisha mikono. Mwingine. Mwingine tena. Kikombe kikiisha watajionea wenyewe ni watoto wangapi wamepita. Kule Kongwa, Dodoma, ambako Sheila West na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wamechunguza vikope tangu miaka ya 1980, kampeni ya kuosha nyuso iliongezwa juu ya dawa, na mwaka 1995 waliripoti kwamba watoto ambao nyuso zao zilibaki safi walikuwa na ugonjwa mkali kwa uchache zaidi. Kuna madaktari wanaosema ushahidi wa maji na sabuni ni mwembamba ukilinganisha na wa dawa. Huenda. Ila dawa inakuja mara moja kwa mwaka, na matongotongo yanakuja kila siku.

Kinachoharibu ni ncha ya shuka. Mama anafuta uso wa mkubwa, anakunja, anafuta wa katikati, anamalizia na wa mgongoni. Bora mtoto aoshwe akauke na upepo kuliko kufutwa na nguo ya watoto watatu.

Ukienda likizo, acha zawadi ya kibuyu chirizi. Unahitaji kidumu cha lita tano chenye mpini, msumari, kamba, kipande cha sabuni na miti minne. Pasha msumari moto, toboa kidumu tundu moja upande wa mbele, sentimita kumi hivi chini ya mfuniko. Simika miti miwili yenye panda, pitisha wa tatu kwenye mpini wa kidumu na uulaze juu ya panda. Funga kamba shingoni mwa kidumu, ncha ya pili ifunge kwenye mti wa nne uliolazwa chini kama kikanyagio. Jaza maji yaishie chini kidogo ya tundu. Ukikanyaga, shingo inainama, maji yanachirizika, ukiachia yanakoma. Toboa sabuni katikati uifunge kwa kamba fupi, la sivyo mbuzi ataila. Chini weka kokoto, pasiwe tope. Kikanyagio kiwe chepesi kiasi cha mguu wa mtoto wa miaka minne, kwa kuwa wa kwake ndio uso tunaoutafuta.

Choo na nzi

Nzi mkuu wa macho, Musca sorbens, hapendi kutaga ndani ya shimo la choo. Anapenda kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Kwa hiyo choo cha shimo, hata kile cha kawaida kabisa, kinampunguza. Gambia walijenga vyoo vijijini wakapima, nzi kwenye macho ya watoto wakapungua kwa takriban asilimia 30. Tatizo la boma nyingi ni kwamba hata choo kikiwepo, kinyesi cha mtoto kinahesabiwa si uchafu, kinaachwa nyuma ya nyumba. Hicho ndicho cha kufukia au kutupa chooni kila siku. Zizi la ndama lisogezwe mbali na mlango ikiwezekana, ila msianze ugomvi na mzee kuhusu mbolea kabla hamjamaliza suala la kinyesi cha watoto.

Siku ya kumpeleka hospitali

Chukua kadi ya bima kama anayo, au pesa ya kumwona daktari kama si kambi. Awepo mtu mmoja anayejua Kimaa vizuri na ambaye koko haoni aibu kuongea mbele yake. Mjukuu wa kiume si chaguo zuri. Beba kibano chake, daktari akione. Dawa zote alizowahi kutumia, hata zile za majani, ziweke kwenye mfuko mmoja. Mwambie daktari kuhusu watoto wanaolala naye, nao wapangiwe siku ya kupimwa. Na kama itaonekana ana mtoto wa jicho pia, kama ilivyo kwa wazee wengi, msishangae akirudishwa nyumbani bila kufanyiwa upasuaji wa huo mtoto wa jicho: madaktari hurekebisha kope kwanza, wanasubiri kidonda kipone, ndipo wanafungua jicho. Omba tarehe hiyo ya pili iandikwe kwenye kadi kabla hamjatoka getini, na uiweke kwenye simu yako wewe, siyo ya kaka aliye ronjo.